Usijihangaishe, Ni Mbali

Kilfarna, Clare
11 Februari 2018

Shangazi Dympna mpendwa,

Kuna sauti moja imenikaa masikioni tangu mwaka jana: kitasa cha sanduku la konsatina, kinanda cha mkono cha Baba, kikifungwa. Tak. Basi. Nikiosha vyombo naisikia. Nikifungua kitabu naisikia kabla ya neno la kwanza.

Lakini nimeanza kwa kukurupuka, na Bibi angenikemea. Salamu kwanza. Hapa hatujambo. Mvua haijapumzika tangu Krismasi. Shamba la chini limekuwa ziwa na bata wa porini wamehamia bila kumwomba mtu ruhusa. Baba anahangaika na ng'ombe na matope. Mama bado anakwenda kazini Ennis kila siku, na bado anajiita mtu wa Dublin, ingawa ameishi huku tangu kabla sijazaliwa. Mimi nimemaliza masomo yangu Galway na nipo nyumbani, nashika kazi ya muda maktabani, nasoma zaidi kuliko wanaokuja kusoma. Josie Marrinan wa baa anakusalimu sana. Anasema nikikosa mchumba kwenye tamasha la Lisdoonvarna mwezi wa tisa, yeye mwenyewe atanipeleka kwa masista na kunikabidhi. Wewe je? Goti linakuuma bado? Na joto la Geelong, huko Australia?

Sasa nirudi kwenye ile sauti.

Wimbo wa Bibi unaujua kuliko mimi, ule alioutunga akikamua ng'ombe. Sehemu ya kwanza ni ya konsatina, ya pili ni ya fidla. Baba anauliza, wewe unajibu. Siku yake ya mwisho Bibi alimwomba Baba aupige. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Baba akapiga sehemu ya kwanza, akafika pale unapoingia wewe, akanyamaza. Bibi alikuwa amefumba macho, lakini kidole chake kiligongagonga shuka, kikiimaliza sehemu yako mpaka mwisho. Kilipotulia, Baba akairudisha konsatina sandukuni. Tak.

Tangu tulipomzika tumeshika kimya cha mwaka, kama nyumba yoyote ya huku yenye msiba: hakuna chombo cha muziki kuguswa, si chumbani, si baa, si harusini kwa watu. Kimya chetu kinaisha mwisho wa Juni, na wiki ya muziki inaanza Jumamosi inayofuata. Leo baada ya misa Josie alimvamia Baba getini pa kanisa.

"Senan, kile kiti chako cha karibu na moto, nikifute vumbi au nimpe yule Mjerumani?"

"Mpe Mjerumani."

"Mjerumani anapiga ngoma kama mtu anayepigilia misumari!"

"Basi mpe na misumari."

Watu walicheka. Baba hakucheka. Nyumbani alimwambia Mama kwamba mwaka ukiisha atalipandisha sanduku darini, kwa sababu wimbo nusu si wimbo.

Darini kuna panya na unyevu, Shangazi. Konsatina ikipanda kule haitashuka tena, na Baba bila konsatina ni mtu anayeongea na ng'ombe tu. Kwa hiyo nakuomba: njoo kwa wiki ya muziki. Tunaandikiana tangu nilipokuwa msichana mdogo, na sijawahi kukuona ila kwenye picha. Njoo mpige sehemu zenu mbili, hata mara moja. Baba hajui kama nimekuandikia.

Wako akupendaye,
Muireann

*

Geelong
3 Machi 2018

Muireann, mwanangu,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya nyumbani, au labda ni unyevu tu, maana bahasha ilikuwa laini kama mkate uliolowa chai. Mimi sijambo. Goti lina siku zake. Joto la huku limenichosha. Jana jirani yangu alikaanga yai juu ya boneti ya gari ili kuthibitisha hoja, akalila. Hospitali waliniaga mwezi uliopita kwa keki na hotuba, na sasa ni mstaafu. Natembea bustanini nikiyapima maua waridi mapigo ya moyo.

Mwambie Josie kwamba masista hawatakuchukua. Unauliza maswali mengi.

Kuhusu Julai, usijisumbue, mwanangu. Wiki ya muziki nyumba inajaa wageni, mtanilaza wapi? Na safari ya ndege kwa mtu wa goti kama langu ni adhabu. Nyinyi furahini. Nitakuwa nanyi kwa moyo.

Hebu niambie lakini. Ile fidla yangu iko wapi? Haipo darini, natumaini. Ule ufa kwenye jiwe la getini umeongezeka? Chumba cha juu upande wa bahari nani anakilala? Je, Josie bado anapanga viti usiku wa kuamkia Jumamosi, au siku hizi kuna meza za kisasa? Na mabasi ya wageni wanaokwenda kutazama majabali, bado yanakwama kwenye kona ya kwa Hehir, na kaka yangu bado anayatoa kwa trekta huku akiyatukana kimoyomoyo?

Umesema baba yako hajui kama umeandika. Sawa.

Shangazi yako,
Dympna

*

Kilfarna
25 Machi 2018

Shangazi mpendwa,

Hatujambo. Gwaride la Mtakatifu Patriki lilifanyika kwenye mvua ya mawe. Bendi ya shule ilipuliza tarumbeta, yakatoka maji. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike, na Mama amempa jina la waziri mmoja asiyempenda. Ufa wa jiwe umeongezeka kidogo. Mabasi yanakwama bado, ila siku hizi Baba anayatukana kwa sauti. Chumba cha juu upande wa bahari hakilali mtu. Kitanda chake kinatandikwa kila Jumamosi. Bibi ndiye aliyekuwa akikitandika. Sasa anatandika Baba.

Fidla haipo darini. Ilikuwa chini ya kitanda hicho, imefungwa kwenye blanketi. Nasema ilikuwa, kwa sababu niliichukua mimi. Barua iliyopita sikukwambia hili. Tangu Novemba ninajifunza sehemu yako. Nyumbani haiwezekani, kwa ajili ya kimya, kwa hiyo naenda na gari la Mama mpaka ufukweni, nafunga vioo vyote na kupiga humo ndani, kiwiko kikigonga mlango na mawimbi yakipanda mbele ya kioo. Nilifikiri nikiiweza, Baba hatahitaji kumngoja mtu. Siiwezi. Noti naziweza zote, ila zikitoka mkononi mwangu si jibu, ni mtu anayesoma jibu la mwenzake.

Wiki iliyopita Baba alikuwa akinawa mikono jikoni. Bila kugeuka akasema, "Kidole chako cha tatu kinachelewa."

Nikauliza, "Kinachelewa wapi?"

"Pale wimbo unapopanda. Nilipita na mbwa. Vioo vya gari si ukuta, Muireann." Akafuta mikono taratibu. "Hata Dympna alikuwa akichelewa hapo hapo alipokuwa anajifunza. Mama yetu alikuwa akimgonga na kijiko."

Jina lako halikuwa limetajwa humu ndani tangu mazishi. Nikaona nisiuache mlango ujifunge.

"Baba, kwa nini hakuja kumzika Bibi?"

"Ni mbali."

"Nani alisema ni mbali, wewe au yeye?"

"Mimi nilisema. Naye akasema sawa."

"Kwani ulitaka aseme nini?"

Akavaa kofia, akaenda kuwalisha ng'ombe aliokuwa ametoka kuwalisha.

Shangazi, nimekaa na jambo hili mpaka limenichosha. Namwona Baba akitandika kitanda ambacho hakilali mtu, akivuta shuka pembe kwa pembe, na siwezi kuelewa mtu anayefanya hivyo anawezaje kuwa hakutaki. Nawe unauliza habari za ufa kwenye jiwe. Kwa hiyo nakuita mara nyingine: njoo Julai. Na kama huji, niambie kwa nini. Naomba jibu la kweli, si la goti.

Wako,
Muireann

*

Kilfarna
6 Mei 2018

Shangazi mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Sijapata barua, na sijui kama yangu ilipotea au ilifika ikakuudhi. Kama nimekuudhi, nisamehe kwa namna nilivyouliza, ila si kwa kuuliza.

Kila asubuhi Baba anakuwa getini kabla mtu wa posta hajafika. Anasema anakagua uzio. Tangu dunia iumbwe hakuna uzio uliokaguliwa hivyo.

Juzi alileta ngazi ya darini ndani, akaiegemeza ukutani kwenye korido. Anasema ni kwa ajili ya kupaka rangi. Rangi hajanunua.

Muireann

*

Geelong
19 Mei 2018

Muireann mwanangu,

Barua zako zote mbili zimefika salama. Sikuudhika. Nilianza kukujibu mara nyingi, na kila mara nikajikuta naandika habari za mvua. Huku baridi inaanza sasa. Majani yanaanguka wakati yenu yanachipua, na hata baada ya miaka yote hii bado naona kama kuna mtu amekosea kalenda. Goti ni zima. Limekuwa zima tangu Januari.

Umeniuliza waziwazi kama mtu wa Dublin, kwa hiyo mama yako amekulea vizuri. Nami nitajaribu kukujibu waziwazi, ingawa sikulelewa hivyo.

Bibi yako alitufundisha mimi na Senan adabu ya kutembelea watu. Ukikaribishwa chai mara ya kwanza, unakataa. Ya pili, unacheka na kusema usijisumbue. Ya tatu, unaketi. Anayeketi mara ya kwanza ni mlafi, na anayekaribisha mara moja hataki mgeni, anatimiza wajibu tu. Siku moja Senan, akiwa mdogo, alikubali kipande cha keki kwa kina Marrinan walipomwambia mara ya kwanza. Mama alitembea naye mpaka nyumbani bila kusema neno. Hakurudia tena.

Mwaka uliokuwa ukitambaa, kaka yangu aliniandikia: njoo kwa wiki ya muziki. Nilisoma nikicheza jikoni. Kisha nikaketi nikamjibu kama nilivyofundishwa: usijisumbue, mna mtoto mchanga, mtanilaza wapi. Nikangoja barua ya pili. Nilikuwa tayari nimenunua koti la mvua la kweli, maana makoti ya Australia ni mapambo tu.

Barua ya pili haikuja. Niliandika Krismasi, akajibu Krismasi. Habari za ng'ombe.

Mama alipokuja kunitembelea huku, nilimwuliza kwa nini yeye asiniite. Akaniambia, "Nyumba nimeshampa Senan. Mwenye nyumba ndiye hukaribisha." Unamjua bibi yako.

Halafu mwaka jana simu ikalia. Nilikuwa tayari nimefunga mkoba kabla Senan hajamaliza kuniambia kwamba Mama ametutoka. Nikaukalia, nikiwa na simu sikioni, nikingoja neno moja. Akasema, "Usijihangaishe, Dympna. Ni mbali." Nikajua basi, kaka yangu hanitaki hata kaburini kwa mama yetu. Nikasema sawa. Nilikaa juu ya mkoba ule mpaka kukapambazuka.

Wewe umeniita mara mbili, nami nimelia mara zote mbili, lakini wewe si mwenye nyumba, mwanangu. Siwezi kuja kubisha mlango nisioitiwa, nikaketi kwenye kiti cha Mama, watu wakanitazama nikila keki ya kwanza.

Kidole chako cha tatu: legeza kiwiko, kinachochelewa ni hicho, si kidole.

Barua hii usimwonyeshe baba yako.

Dympna

*

Uwanja wa ndege wa Shannon
24 Juni 2018

Shangazi Dympna mpendwa,

Sote wazima. Nyasi za ng'ombe tumezikata bila kunyeshewa, jambo ambalo Mama analiita muujiza na Baba analiita mtego. Josie ametundika bendera kutoka baa mpaka kanisani. Yule Mjerumani ameshafika na ngoma yake, na ameshatafutiwa shamba la mbali la kufanyia mazoezi. Nakuandikia nikiwa mezani pa mgahawa, na utaona karibuni kwa nini mwandiko unakwenda mbio.

Uliniambia nisimwonyeshe Baba barua. Uliniambia mara moja tu.

Nilimsomea mezani, baada ya chakula. Alisikiliza akiwa ameushika uma wima kama mshumaa. Nilipomaliza, akauweka chini. Kisha akauliza, "Nilimwita mara moja?"

"Mara moja."

"Nilidhani amesema hapana."

"Alisema usijisumbue."

"Sasa si hapana hiyo?"

Mama akaweka kikombe chini. "Senan Talty, mtu akikwambia usijisumbue, wewe mwenyewe huwa unafanya nini?"

"Namsumbua."

"Basi!"

"Lakini yule ni Dympna," alisema Baba. "Nilifikiri na mimi angenisumbua. Siku ya msiba nilimwambia ni mbali nikingoja aseme hata ingekuwa mwezini nakuja. Akasema sawa. Nikasimama na simu mkononi kama mjinga."

Mama akatutazama wote wawili, mimi na yeye, ukoo mzima. "Nyinyi watu wa Clare," akasema, "mtakufa kwa adabu."

Utaikumbuka simu ya siku iliyofuata. Yule alikuwa Baba akija kukukaribisha. Alivaa shati safi kwa ajili ya kupiga simu. Mimi na Mama tulisimama nyuma ya mlango tukishikana mikono, tukamsikia akikueleza habari za mvua, kisha nyasi, kisha ndama, kisha mvua tena. Akakata. Akasema haiwezekani kwenye simu. Jambo kama lile linataka mtu asimame mlangoni na kofia mkononi, mwenzake amwone uso, ndipo ajue kwamba ya pili na ya tatu zinakuja.

Akaenda koridoni, akasimama chini ya ile ngazi ya darini kwa muda mrefu. Mimi pia nilisimama, gizani, kwenye ngazi za kwenda chumba cha juu. Nilifikiri: sisi ni watu ambao tungeweza kumaliza maisha yetu yote hivi, kila mmoja mlangoni mwake, akingoja kwa heshima. Nimesoma vitabu vingi na bado mimi ni wa ukoo huu. Mengi niliyowahi kuyataka niliyakataa mara ya kwanza, nikashangaa hayakurudi. Asubuhi niliibeba ngazi nikairudisha ghalani. Baba aliniona. Akanipisha.

Kisha nikafanya mambo mengine, nayo nitakwambia sasa.

Pasipoti aliyoitumia Baba alipokwenda kupiga muziki Brittany bado haijaisha. Sikumwuliza kama anataka kusafiri. Nilimwambia siku, na saa ya kuwa amevaa viatu. Hapa Shannon, kwenye kaunta, binti wa zamu alilitazama sanduku alilolikumbatia Baba.

"Nini humo, bwana?"

"Konsatina."

"Naomba niione."

Kimya chetu kina siku chache bado, na Baba alinitazama kama mtoto anayeuliza kama ni dhambi. Nikamwambia kufungua si kupiga. Akakibonyeza kitasa. Tak. Sauti ile ile, Shangazi, kufungua na kufunga ni moja. Mwaka mzima sikuwa nimelifikiria hilo.

"Nzuri," alisema yule binti, ambaye kwa lafudhi yake ni mtu wa Kilrush. "Unakwenda nayo wapi?"

"Australia. Kwa dada yangu."

"Ala! Mbali huko."

"Si mbali," alisema Baba.

Sasa yuko mbele yangu, anakunywa chai, anafanya mazoezi ya maneno midomo ikienda bila sauti. Akimaliza nitaitia barua hii mfuko wa ndani wa koti lake, na nimemwagiza asikupe mpaka awe amesema yote. Kwa hiyo kama unaisoma, ameshasema. Natumaini ya kwanza ulikataa, maana usingekataa angeshtuka akadhani si wewe. Ya pili natumaini mlicheka.

Kuhusu ya tatu, ujue haya. Fidla yako nimeitia nyuzi mpya na kuipeleka kwa Josie. Iko juu ya kiti cha pili karibu na moto, na Mjerumani ameambiwa kwa lugha zote asikikalie. Kitanda cha chumba cha juu safari hii nimetandika mimi, na dirisha nimeliacha wazi. Baba anarudi Alhamisi ya tarehe 5 Julai, siku mbili kabla ya wiki ya muziki kuanza. Tiketi za kurudi ni mbili, Shangazi, na ya pili ina jina lako. Nimeshaikata. Sikukuuliza, kwa sababu ungeniambia nisijisumbue.

Muireann